Rangi ya Mkate wa Wangari

Bondeni, Nakuru
Ijumaa alasiri

Wambui,

Barua huanza na salamu. Mimi na wewe tumelala nyumba moja siku tano bila kusalimiana, kwa hivyo hiyo tutairuka. Nakuandikia juu ya meza ya kukandia, wafanyakazi wameenda, oveni zinapoa, na wewe uko nyumbani unafunga mizigo kwa kishindo ili majirani wajue una hasira. Wanajua. Umefaulu.

Sitakuambia kitu juu ya blanketi, wala barua ya shule ya Muthoni, wala saa ya kutoka kesho. Una miaka ishirini na saba, una mume anayekungoja Mai Mahiu, na una mdomo wa kutosha kujisimamia popote. Nitaandika juu ya kitu kimoja, mkate wa Wangari, na utasoma hata kama utasoma ukisonya.

Mtoto ana miaka mitatu na miezi saba. Ana kilo kumi na mbili. Nesi alimdunga kidole akasema damu ni tisa nukta mbili, na inafaa iwe kumi na moja kwenda juu. Anaenda choo mara moja kwa siku nne au tano, na siku hiyo analia mpaka dada yake anatoka nje. Na Jumapili wewe ulisimama kwenye mlango wa bekari yangu, mbele ya watu wanne ninaowaajiri, ukasema ukifika kwa mume wako mtoto atakula anachotaka. Mkate mweupe na chai, basi. Kwa sababu ule wa brown, eti wa ngano nzima, niliokuwa nikileta nyumbani ulikuwa uongo.

Ulikuwa uongo. Nitafika hapo. Lakini ukimrudisha kwenye mkate mweupe na chai ili unikomoe mimi, tumbo litakalouma si langu. Muthoni ulimpa jina la mama yake mumeo Kariuki kwa sababu wa kwanza huenda kwa upande wa baba, na wa pili ukamleta kwangu. Kwa desturi yetu mtoto huyo ndiye mimi nimezaliwa mara ya pili. Sasa hebu fikiria mtu anayepewa nafasi ya pili ya kukua, halafu anailisha vile vile alivyokosea kumlisha binti yake.

Kwa sababu wewe nilikukosea. Unadhani nilianza kukosea mwaka huu?

Mimi nilizaliwa kwenye laini za wafanyakazi, vile vijumba vya mstari mmoja, shamba la mzungu juu ya Njoro. Mama yangu alikuwa jikoni kwao. Watoto wa mle ndani walikatiwa mkate kingo zote nne, wakala katikati palipo laini, na zile kingo mama alizifunga kwenye kitambaa akatuletea. Tulikuwa watoto sita. Vipande vinane vya mkate vinatoa kingo thelathini na mbili, kila mtu tano, mbili zinabaki za kupigania. Mpaka leo naweza kukuambia ni nani alizipata siku gani. Nikaapa, nikiwa na miaka saba, kwamba mimi nikizaa, mtoto wangu atakula katikati.

Na ulikula katikati. Nilikulea peke yangu na bado ulikula katikati. Nilikuwa nakata kingo kwa kisu cha kazi, naweka sahani mbele yako, kisha nasimama kwenye sinki nazila mimi. Watu wa Bondeni walisema naringa. Ndiyo, niliringa. Mkate mweupe ulikuwa cheti changu. Githeri, yale mahindi na maharagwe, nilikuwa naiona kama kurudi kwenye zile laini za shamba.

Ukiwa na miaka mitano tumbo lako likawa gumu kama ubao. Siku tisa. Nikakubeba hospitali, daktari akaniuliza mtoto anakula nini. Nikamjibu bila kupepesa jicho: githeri, sukuma, nduma, maharagwe. Nilikuwa nimevaa sweta yangu ya kanisani, na sikutaka kijana yule aandike kwenye kadi kwamba mwanangu anakula mkate na chai mara tatu kwa siku. Sasa yeye, akiamini mtoto anakula vizuri, akaanza kutafuta ugonjwa. Alikuchoma sindano tatu. Ulikuwa unaniangalia mimi, si yeye, kila sindano ilipoingia. Hakukuwa na ugonjwa. Kulikuwa na mama muongo amekaa kwenye kiti. Hilo sijawahi kukuambia, na silisemi sasa ili unionee huruma. Nalisema kwa sababu wiki mbili zilizopita nilikuwa nyuma yako kwenye foleni ya kliniki, nikakusikia ukimwambia nesi, "Anakula kila kitu." Nikajua sauti hiyo ilitoka wapi.

Usimdanganye nesi tena. Hana cha kukupunguzia.

Kazi ya mkate nilianza nikiwa na miaka kumi na saba, kufunga karatasi kwenye bekari ya Wahindi huko mjini, kisha kuchanganya, kisha oveni. Miaka kumi na mmoja. Mwenye bekari alikuwa na mama yake, kikongwe wa kitambaa cheupe kichwani, ambaye aliteremka kila asubuhi kuhakikisha hatuibi siagi. Huyo mama hakuwahi kugusa mkate wa watoto wake. Alipikiwa chapati za unga wa atta, ule mwekundu wenye pumba zake ndani, na wajukuu wake wote walilishwa hizo hizo. Siku moja nikamwuliza mbona hali mkate wao wenyewe. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inanyesha.

"Ile ya kuuza," akasema. "Hii ya kula."

Nilicheka na wenzangu wiki nzima. Tulidhani ni ubahili. Nilikuwa nimepewa elimu yote ya biashara hii kwa maneno sita, nikaibeba kama mzaha, na nilipofungua bekari yangu nikachukua nusu moja tu, ile ya kuuza.

Sasa mwaka huu. Mwezi wa kwanza barabara zilipofungwa kwa zile fujo za uchaguzi na watu wakaogopa hata kufungua madirisha, unga mweupe uliniishia siku ya tatu. Duka la kona lilikuwa na atta peke yake. Nikaoka atta tupu. Ulikuwa mkate mzito, mtu angeweza kumpiga nao mwizi, lakini watu walinunua kwa sababu hakukuwa na kingine. Wangari akaufunga mdomo. Ulisema tumwachie biskuti, mimi nikasema hapana, njaa itamfunza. Siku mbili. Siku ya tatu akatapika maji matupu, nikampa biskuti kwa mkono wangu mwenyewe na wewe ukaniangalia tu. Nakuandikia hili ulijue kama sheria: njaa haimfunzi mtoto wa miaka mitatu kitu chochote, isipokuwa kumwogopa aliyeshika sahani. Nilimtoa kwenye mweupe laini nikamtupa kwenye atta tupu kwa siku moja. Hata punda habebeshwi mzigo namna hiyo.

Unga mweupe uliporudi, watu nao wakarudi na maneno ya kliniki. Brown, brown, nataka wa brown, wa mtoto. Nikawatolea ule wa kweli. Wakaubonyeza, wakaurudisha. Mama Wambui, huu ni mgumu. Mama Wambui, huna wa brown ulio laini? Walitaka wa brown uwe mweupe. Basi nikawapa. Kikombe kimoja cha sukari naiunguza kwenye sufuria mpaka iwe nyeusi, namwagia maji, nachanganya kwenye unga mweupe, inatosha mikate arobaini. Juu nanyunyiza pumba kidogo kama mtu anayetia chumvi. Unatoka na rangi nzuri ya kahawia, laini kama pamba. Ukaisha kabla ya saa nne asubuhi, kila siku, miezi minane.

Na nikauleta nyumbani. Hapa ndipo unaponiuliza kwa macho tangu Jumapili uliponikuta na sufuria ya sukari, na nitajibu. Niliuleta jioni moja bila kufikiri, ulikuwa umebaki mmoja. Wangari akala vipande viwili. Wewe ukapiga makofi. "Mama, amekula brown!" Ukanigeukia ukacheka, na ulikuwa hujanichekea hivyo tangu zile siku mbili za njaa. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo hapo, kabla hujameza mate. Sikusema. Kesho yake nikaleta mwingine. Miezi minane nilinunua kicheko chako kwa damu ya mtoto anayebeba jina langu, na nilijua ninachofanya, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika sufuria.

Hilo ni langu. Sasa la kwako, maana sitalibeba peke yangu.

Wewe umekulia kwenye bekari. Kabla hujajua kusoma ulijua mkate ambao haujaiva kwa kuugonga chini. Ulishika ule mkate kila siku miezi minane, ukaukata kingo, na mkono wako haukukuambia ni mwepesi? Ulikuambia. Ulitaka kudanganywa kwa sababu ulitaka amani mezani. Na chai nani alimpa? Nimehesabu, unajua nahesabu kila kitu. Vikombe vinne kwa siku, kimoja kwa kila mlo na kimoja cha kulalia. Nesi alisema mbele yetu wote wawili kwamba chai pamoja na chakula inazuia damu kupanda. Ulitikisa kichwa, tukafika nyumbani, ukaweka maji jikoni. Mimi nilipaka rangi mkate. Wewe ulimmiminia chai juu yake. Tusigawane lawama nusu kwa nusu, langu ni kubwa zaidi, lakini usiende Mai Mahiu ukijiona malaika.

Na huko unakokwenda kuna mama mkwe wako na kibanda chake. Madereva wa malori wanashuka, wanapewa chai ya rangi na mkate mweupe uliokatwa vipande vinene kama tofali, na wajukuu watakuwa chini ya meza wakipewa mabaki. Namjua. Siku alipokuja hapa kumwona mtoto alikuta sahani ya mkate wangu, akaudhani ni wa kweli, akasema kwa sauti ya kunisikizisha kwamba mtoto anayelishwa pumba ataanza kulia kama ng'ombe. Kila mtu akacheka, hata wewe. Atalisema tena. Usibishane naye, utashindwa, na mtoto atajifunza kwamba mkate ni vita. Mwambie tu ni agizo la nesi na umkabidhi Muthoni amchekeshe nyanya yake. Lakini sahani ya Wangari ujaze wewe. Hiyo usimwachie mtu, hata mimi ningekuwa huko.

Mkate wa dukani usiuamini kwa rangi. Mimi ndiye ninayekuambia. Uinue kwanza: wa kweli ni mzito mkononi kuliko mweupe wa ukubwa ule ule. Ubonyeze: wa uongo unazama kama godoro na kurudi polepole, wa kweli unakataa. Ukate, uangalie ndani, si juu. Pumba ziko ndani kama madoa ya kunde, zimetapakaa bila usawa, na rangi haijalingana kila mahali. Kahawia iliyolingana kama ukuta uliopakwa, hiyo ni kazi ya mtu kama mimi. Kama karatasi imeandikwa vitu vilivyomo, angalia kinachotajwa kwanza. Kikiwa ni unga wa ngano tu, bila kusema ni ngano nzima, rudisha. Na sukari ikitajwa ya pili, huo ni keki inayojificha.

Lakini kwa sasa usinunue. Oka. Una sufuria ile nzito, una jiko, na mkono unao, hata kama uliapa hutashika unga tena maishani. Anza na kikombe kimoja cha atta kwa vitatu vya unga mweupe. Hataona tofauti, na hii si rangi, hii ni chakula. Siku kumi. Kisha kimoja na nusu kwa viwili na nusu. Siku kumi tena. Kisha nusu kwa nusu, na hapo ukae mwezi mzima usiwe na haraka. Akikataa, rudi nyuma hatua moja, usirudi mwanzo. Nusu kwa nusu inatosha mtoto, mtu asikudanganye kwamba lazima ufike atta tupu. Unga mwekundu unakunywa maji zaidi, ongeza maji na uuache ukae kama nusu saa kabla ya kukanda, hapo ndipo mimi nilikosea mwezi wa kwanza, ndiyo maana ulitoka tofali.

Mkatie vipande vyembamba. Kipande kinene ni kazi, chembamba ni mchezo. Mpakie parachichi, au maharagwe yaliyopondwa na chumvi kidogo, mahali pa jemu. Kingo usikate. Zikibaki sahanini ziache, usiseme kitu, usimwahidi peremende akimaliza. Ukimlipa mtoto ili ale, umemwambia chakula ni kibaya. Weka, kaa naye, kula wewe mwenyewe akikuona, ondoa. Kesho weka tena. Wewe mwenyewe ulikataa maembe mara kumi na mbili, ya kumi na tatu ukaniibia yangu.

Chai itoke kabisa. Atalia siku nne. Mpe uji, mpe maji, mpe maziwa yasiyo na majani kikombe kimoja au viwili. Dawa ya damu ya kliniki endelea nayo mpaka waseme wao, na umrudishe apimwe, maana mkate peke yake haupandishi damu. Ndengu, mboga za majani, maini mara moja kwa wiki mkipata, na chungwa baada yake. Choo kikiendelea kuwa kigumu au ukiona damu, usiningoje mimi wala mama Kariuki, nenda hospitali, na ukiulizwa anakula nini, sema.

Nikwambie nilichofanya tangu Jumapili, kwa sababu umekuwa ukinipita koridoni bila kuuliza. Jumatatu nilimwaga ile sufuria. Nimekuwa nikiwaambia wateja mmoja mmoja, mdomo kwa mdomo, kwamba ule wa brown ulikuwa mweupe wenye sukari ya kuunguza. Kumi na tisa mpaka leo. Watano walicheka, wakasema si ni mtamu, tupe tu. Wengine waliondoka. Jana alikuja yule mama wa mtaa wa Rhonda anayekuja kila Alhamisi na mtoto mgongoni. Nikamwambia. Akamshusha mtoto, akamrudisha mgongoni tena, kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya.

"Kwa hivyo nimekuwa nikipita maduka tisa," akasema, "kuja kununua rangi."

Kuna watu unaowakosea bila kujua majina yao, na huyo ndiye wa kwanza kunionyesha sura. Yeye hakupaza sauti. Wewe ulipaza, na Jumapili nilikuchukia kwa hilo, nikakujibu kwamba umeshiba mkate wangu miaka ishirini na saba ndipo umejua kuutukana. Neno hilo silifuti, barua haifuti neno. Lakini ulikuwa na haki ya kupaza.

Kariuki akija kesho na lori, kando ya mizigo yenu kutakuwa na mfuko wa kilo kumi. Usidhani ni mkate, mkate wangu sikupi. Unga pia sikupi. Ni ngano nzima, punje kwa punje, nimeipepeta na kuichagua mawe kwa siku tatu, kwa macho haya yanayohitaji miwani. Hapo Mai Mahiu mashine ya kusaga iko nyuma ya soko. Mwambie wa mashine aifute mahindi kwanza, kisha usiende kununua kitu wala kuongea na mtu. Simama. Iangalie ikiingia, uiangalie ikitoka. Ningekusagia mimi, lakini unga ungetaka uniamini, na hilo siwezi kukuomba mwaka huu.

Ikiisha, nitatuma nyingine, nzima vile vile. Nitaendelea kutuma nzima mpaka siku utakayoniambia nisage.

Mama yako,
Wangari mkubwa